Sura ya Sita: Mbona Gari la Mashindano Halibadili Gia Lenyewe?

Anayeanza kutazama mbio za magari huwa hakawii kuuliza swali hili. Vitz iliyoshushwa juzi bandarini Dar es Salaam au Mombasa inabadili gia yenyewe. Dereva anakanyaga mafuta na safari inaendelea. Gari la Formula 1, kazi ya mamia ya wahandisi na mamilioni ya dola, bado linamsubiri dereva aamue kila anapotaka gia nyingine. Wahandisi wote hao wameshindwaje na kitu ambacho mtu anakipata kwenye gari la mtumba?

Hawakushindwa. Gia ya otomatiki iliwekwa kwenye Formula 1, ikashindana, ikachukua ubingwa, kisha ikapigwa marufuku. Ili marufuku hiyo ieleweke, inabidi tuanze mbali kidogo: giaboksi ina kazi gani, kubadili gia kunampotezea dereva nini, na wahandisi walifanya nini ili hasara hiyo ipungue hadi karibu na sifuri.

Injini ina nguvu mahali pamoja

Mwendesha baiskeli ya gia akifika mlimani huhamisha mnyororo ili miguu izunguke haraka na gurudumu lizunguke polepole. Akirudi kwenye tambarare hufanya kinyume. Miguu yake ina mwendo mmoja inaoumudu. Akienda chini ya hapo misuli inauma, akizidisha, nguvu inapotea bure. Injini ya gari nayo iko hivyohivyo. Ina eneo dogo la kasi ambamo inatoa nguvu nyingi, na nje ya eneo hilo inalegea.

Kasi ya injini hupimwa kwa mizunguko kwa dakika, yaani ni mara ngapi shafti yake kuu inazunguka ndani ya dakika moja. Giaboksi ni sanduku la magurudumu ya meno lililo kati ya shafti hiyo na matairi. Tuseme gurudumu dogo lenye meno 15 linazungusha kubwa lenye meno 45. Dogo litazunguka mara tatu ndipo kubwa lizunguke mara moja. Kasi imegawanywa kwa tatu, lakini nguvu ya kuzungusha imezidishwa kwa tatu, ukiacha kidogo kinacholiwa na msuguano. Hesabu hiyo ya meno ndiyo inayoitwa uwiano wa gia, na kila gia ina uwiano wake.

Tuipeleke hesabu hii uwanjani. Tairi la Formula 1 la misimu ya 2022 hadi 2025 lina kipenyo cha sentimita 72, kwa hiyo likizunguka mara moja gari linasogea karibu mita 2.26. Kwa mwendo wa kilomita 330 kwa saa, tairi linazunguka takriban mara 2,430 kwa dakika. Injini wakati huo inazunguka kama mara 12,000. Maana yake, hata kwenye gia ya juu kabisa, injini inazunguka karibu mara tano kwa kila mzunguko mmoja wa tairi.

Sasa gari hilohilo liingie kwenye kona kali ya Monaco, ile iliyo mbele ya hoteli, inayopitwa kwa mwendo usiofika kilomita 50 kwa saa. Tairi sasa linazunguka chini ya mara 370 kwa dakika. Dereva akibaki kwenye gia ya juu, injini itashuka hadi mizunguko 1,800 hivi. Injini iliyoundwa ifanye kazi ikiwa juu ya mizunguko 10,000 haiwezi kuvuta kitu hapo. Itatetemeka na kuzimika.

Kwa hiyo gari linahitaji ngazi kadhaa kati ya kona hiyo na ile kasi ya 330. Tangu 2014 magari ya Formula 1 yana gia nane za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Gia ya kurudi nyuma inalazimishwa na kanuni, hata kama dereva anaweza kumaliza mbio nyingi bila kuigusa. Uwiano wa gia hizo nane huchaguliwa kabla ya msimu kuanza. Meno yaleyale yatatumika Monaco penye kona za polepole, na yatatumika Monza penye nyoofu ndefu. Zamani timu zilikuwa zikibadili magurudumu ya meno kufuata uwanja.

Watazamaji makini huona jambo jingine: kanuni za 2014 hadi 2025 ziliruhusu injini ifike mizunguko 15,000, lakini madereva walibadili gia mapema, kwenye 11,000 au 12,000. Sababu ilikuwa mafuta. Injini haikuruhusiwa kupokea zaidi ya kilo 100 za mafuta kwa saa, na kiwango hicho kamili kilifikiwa kwenye mizunguko 10,500. Kuzidi hapo ni kuongeza msuguano bila kuongeza mafuta ya kuchoma. Dereva mzuri hakuwa na sababu ya kuipigisha kelele injini hadi mwisho.

*Kwa ufupi:* giaboksi haitengenezi nguvu. Inaiweka injini pale ilipo na nguvu, bila kujali gari linakwenda mbio kiasi gani.

Kinachotolewa na kinachobaki

Fundi akikufungulia giaboksi ya gia ya mkono, utaona shafti zenye magurudumu ya meno yaliyopangwa kwa jozi. Wengi hudhani kwamba ukivuta mkono wa gia magurudumu hayo yanahama na kuumana upya. Sivyo. Kwenye gari la kawaida la leo, jozi zote za gia za mbele zimeumana muda wote. Katika kila jozi, gurudumu moja limekazwa kwenye shafti yake na la pili linazunguka huru. Kinachohama ni pete iliyo pembeni, ambayo hulifunga lile gurudumu huru kwenye shafti ili nguvu ipite.

Ugumu uko kwenye kufunga huko. Pete na gurudumu vinazunguka kwa kasi tofauti, na vikikutana hivyo utasikia ule mkwaruzo unaomfanya abiria ageuke kumtazama dereva. Gari la barabarani lina dawa mbili. Ya kwanza ni klachi, inayotenganisha injini na giaboksi kwa muda. Ya pili ni sinkronaiza, kipete chenye umbo la koni kinachosugua gurudumu taratibu hadi kasi zilingane, ndipo meno yaingie. Ni kifaa kizuri, ila kinakula muda, na mashindano hayana muda wa kugawa.

Kwa hiyo giaboksi ya mashindano huwa na tofauti tatu kubwa:

1. Haina sinkronaiza. Pete yake ina meno machache, makubwa, yenye nafasi pana katikati. Ikisukumwa kwa nguvu na kwa kasi, meno huangukia kwenye nafasi hizo na kufunga papo hapo.
2. Meno ya magurudumu mara nyingi yamekatwa nyoofu. Gari la barabarani hutumia meno ya mshazari kwa sababu yanaumana polepole na hayapigi kelele. Lakini meno ya mshazari husukuma shafti pembeni na kupoteza nguvu kidogo. Meno nyoofu hayasukumi pembeni, ila yanalia. Ule mlio mkali mwembamba unaousikia gari la rali linapopita unatoka humo, na wengi hudhani ni wa injini.
3. Giaboksi yenyewe inabeba gari. Kwenye Formula 1 imefungwa nyuma ya injini, na mikono inayoshika magurudumu ya nyuma imeshikizwa kwenye ganda lake. Ganda likipasuka, tatizo si la gia peke yake. Sehemu yote ya nyuma ya gari imeharibika.

Enzi ya mkono mmoja

Kwa miongo mingi dereva wa mashindano alibadili gia kama dereva wa daladala la zamani: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mkono wa gia, mguu wa kushoto kwenye klachi. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kushusha gia wakati wa kufunga breki. Injini ilipaswa kuongezewa mizunguko ili ilingane na gia ya chini, lakini mguu wa kulia ulikuwa umeshikwa na breki. Madereva walijifunza kukanyaga breki kwa ncha ya mguu huku kisigino, au ubavu wa mguu uleule, kikigusa mafuta.

Madereva wa malori ya zamani yasiyo na sinkronaiza waliijua kanuni hiyo bila kuvaa helmeti. Anayeshuka mteremko wa Kitonga akiwa na mzigo na kutaka gia ya chini alikanyaga klachi, akaweka gia huru, akaachia klachi, akapiga mafuta kidogo, akakanyaga klachi tena, ndipo gia ikaingia. Akikosea, gia inakataa, na lori linabaki likiteremka bila gia. Wa lori alitafuta usalama na wa mashindano alitafuta sehemu ya sekunde, lakini wote wawili walikuwa wakilinganisha kasi kwa sikio na mguu.

Mpangilio wa herufi H, ambao gia ya pili iko nyuma ya ya kwanza na ya tatu iko pembeni mbele, ulikuwa na hatari moja ya gharama. Dereva aliyechoka angeweza kutaka gia ya tano akaingiza ya tatu. Matairi yangeilazimisha injini izunguke kupita uwezo wake, na vali na pistoni zingegongana. Mbio zingeishia hapo, na injini pia.

Mbele na nyuma tu

Suluhisho la kwanza lilikuwa gia za mfuatano. Ndani ya giaboksi ya aina hii kuna rola ya chuma iliyochongwa mifereji inayojipinda. Uma zinazosukuma pete zimeingiza vidole vyake kwenye mifereji hiyo. Rola ikizunguka hatua moja, mifereji inazihamisha uma, gia moja inatoka na inayofuata inaingia. Kutoka ya tatu unakwenda ya nne au ya pili. Kwingine hakuna. Pikipiki zimetumia mfumo huu miaka mingi. Anayeendesha bodaboda huugusa kila siku kwa ncha ya mguu.

Kwenye magari, mkono wa gia wa mfuatano kwa kawaida huvutwa nyuma kupandisha na kusukumwa mbele kushusha. Mpangilio huo unafuata mwili wa dereva. Gari likiongeza kasi, mwili unasukumwa nyuma na mkono unavuta kwa urahisi. Likifunga breki, mwili unakwenda mbele, na mkono unasukuma.

Mfumo huu upo karibu na sisi kuliko wengi wanavyodhani. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilirudi kwenye ubingwa wa dunia wa rali mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Magari makubwa ya mashindano hayo kati ya 2017 na 2021 yalikuwa na gia sita zinazobadilishwa kwa kibapa, yaani kipande bapa kwenye usukani kinachovutwa kwa vidole. Kanuni mpya za 2022 zikarudisha nyuma: gia tano, na mkono wa gia unaofanya kazi kimakanika, ili kupunguza gharama. Kwa hiyo dereva anayepita kwenye vumbi laini la Naivasha leo anaondoa mkono mmoja kwenye usukani kila anapotaka gia, wakati mwenzake wa 2021 hakulazimika. Teknolojia ya mashindano haiendi mbele tu. Kanuni zinaweza kuirudisha, na mara nyingi sababu ni fedha.

Rio, Machi 1989

Hatua iliyobadilisha kila kitu ilitoka kwa mhandisi Mwingereza, John Barnard, akiwa Ferrari. Alitaka gari jembamba, na mkono wa gia pamoja na vyuma vinavyouunganisha na giaboksi vilikuwa vikila nafasi pembeni ya dereva. Akaviondoa. Mahali pake akaweka vibapa viwili nyuma ya usukani: kimoja cha kupandisha, kimoja cha kushusha. Dereva akivuta kibapa, ishara ya umeme inafungua vali, na mafuta yenye presha kubwa yanafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mkono. Gari hilo liliitwa Ferrari 640, na lilikuwa na gia saba.

Majaribio yalijaa hitilafu. Lilipofika Brazil kwa mbio za kwanza za msimu, tarehe 26 Machi 1989, hata wenyewe Ferrari hawakutegemea limalize. Nigel Mansell alilimaliza, tena wa kwanza. Mbio nyingi zilizofuata gari hilo liliharibika njiani, na timu pinzani zikaendelea kwa muda na mkono wa gia. Lakini faida ilikuwa imeonekana. Dereva wa Ferrari alibaki na mikono miwili kwenye usukani katikati ya kona, na hakuweza kuingiza gia isiyo sahihi.

Miaka miwili baadaye, nchini humohumo, mifumo yote miwili ilionyesha udhaifu wake katika mbio moja. Tarehe 24 Machi 1991 kwenye uwanja wa Interlagos, Ayrton Senna aliongoza akiwa na McLaren ya mkono wa gia. Mansell, sasa akiwa Williams yenye vibapa, alikuwa akimfukuza hadi giaboksi yake ikamwangusha na kumtoa. Senna naye akaanza kupoteza gia moja baada ya nyingine hadi akabakiwa na ya sita peke yake. Ukikumbuka hesabu yetu ya Monaco, utaelewa alikuwa akifanya nini: kupita kona za polepole kwa gia ya mwisho, akiizuia injini isizimike, huku mvua ikianza kunyesha. Alishinda kwa tofauti ya takriban sekunde tatu mbele ya Riccardo Patrese. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza nyumbani, na misuli ilikuwa imemkaza kiasi kwamba kunyanyua kombe kulimtesa.

Hata hivyo ushindi huo haukuuokoa mkono wa gia. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa umetoweka kwenye Formula 1.

Vita dhidi ya pengo

Kwa nini wahandisi walipigania sehemu za sekunde kiasi hicho? Kwa sababu kila unapobadili gia kwa njia ya kawaida, kuna muda ambao matairi hayapati nguvu yoyote. Tuuite pengo.

Kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa, gari linakwenda mita 83 kwa sekunde. Gari la Formula 1 lina mabawa yanayolikandamiza chini, na mabawa hayo yanapambana na upepo mkali mno. Kwa kasi hiyo, dereva akiacha tu mafuta bila kugusa breki, gari hupungua kasi kwa kiwango cha takriban kilomita 35 kwa saa katika kila sekunde. Ni sawa na gari lako la kawaida likifungwa breki ya dharura.

Tazama basi pengo linagharimu nini:

- Pengo la robo ya sekunde, ambalo ni la mkono mwepesi wa zamani, lingeligharimu gari hilo karibu kilomita 9 kwa saa.
- Pengo la sekunde 0.05, ambalo ni la vibapa vya kizazi cha mwanzo kilichokomaa, lingegharimu karibu kilomita 2 kwa saa, na gari lingekuwa limesogea zaidi ya mita 4 bila nguvu.
- Hasara hiyo inarudiwa kila gia inapopandishwa. Kwenye uwanja wenye kona nyingi, mbio moja ina mabadiliko ya gia kwa maelfu.

Kuanzia mwaka 2005 ikaingia giaboksi isiyo na pengo, iliyotangulizwa na timu ya BAR pamoja na Honda, na ndani ya misimu michache wengine wakafuata. Wazo lake linaonekana kama wazimu: gia mpya inakamatwa *kabla* ya ile ya zamani kuachiwa. Kwenye giaboksi ya kawaida gia mbili zikifungwa pamoja, shafti inakwama na vyuma vinavunjika. Hapa kinachookoa ni umbo la meno ya pete. Gia mpya ikishaanza kubeba mzigo, ya zamani haisukumi tena. Sasa ndiyo inayosukumwa. Meno yake yana mteremko upande huo, kwa hiyo msukumo huohuo unaitelezesha na kuitoa nje. Nguvu haikatiki kwenye matairi. Kosa la sehemu chache za elfu ya sekunde linatosha kuivunja giaboksi nzima, na ndiyo maana kazi hiyo haiwezi kuachiwa mkono wa binadamu.

Gia moja, hatua kwa hatua

Hiki ndicho kinachotokea leo dereva wa Formula 1 anapopandisha gia:

1. Taa ndogo kwenye usukani zinawaka zikifuatana, kuonyesha injini inakaribia mahali pa kubadili.
2. Dereva anavuta kibapa cha kulia kwa vidole. Mguu wake hautoki kwenye mafuta.
3. Kompyuta inapokea ombi na kukagua kasi za shafti.
4. Nguvu ya injini inapunguzwa kwa kitambo kidogo mno ili meno yapate nafasi ya kuhama. Ule mlipuko mfupi unaousikia kila gia inapopanda unatokana na hatua hii.
5. Mafuta yenye presha yanazungusha rola, uma inasukuma pete, gia mpya inakamata.
6. Nguvu kamili inarudi.

Kushusha hufanywa kwa kibapa cha kushoto, na kompyuta huipigia injini mafuta kidogo ili kasi zilingane. Ile kazi ya kisigino sasa inafanywa na programu. Dereva akiomba gia ya chini mno ambayo ingeivunja injini, mfumo hukataa.

Na klachi iko wapi? Ipo, lakini haina pedali. Inaendeshwa kwa kibapa kingine kwenye usukani na hutumika hasa gari linapoondoka: mwanzo wa mbio, au baada ya kusimama kubadilishiwa matairi. Chini miguuni kuna pedali mbili tu, mafuta kwa mguu wa kulia na breki kwa wa kushoto.

Otomatiki ilipoingia, na ilipotolewa

Sasa tunaweza kurudi kwenye Vitz. Gari nyingi ndogo za Kijapani zilizoko barabarani kwetu zina CVT, giaboksi isiyo na ngazi kabisa. Mkanda wa chuma unapita kati ya puli mbili zinazotanuka na kusinyaa, na uwiano unabadilika mfululizo bila kuruka. Injini inaweza kukaa kwenye mizunguko ileile huku gari likiongeza kasi. Ukiangalia tulikoanza, hilo ndilo jibu kamili la tatizo la injini yenye nguvu mahali pamoja.

Williams waliliona hilo. Mwaka 1993 walifunga CVT kwenye gari lao la FW15C na kumpa David Coulthard, aliyekuwa dereva wao wa majaribio. Injini ilinguruma kwa sauti isiyobadilika huku gari likienda mbio. CVT hiyo haikushindana hata mara moja. Kanuni za 1994 zilidai giaboksi iwe na idadi maalumu ya gia zilizotengana, na CVT ikaishia hapo. Msimu huohuo vifaa vingi vya kielektroniki vya kumsaidia dereva viliondolewa.

Otomatiki ya aina nyingine ilipata nafasi baadaye. Kuanzia mbio za Hispania za mwaka 2001, kanuni ziliruhusu kompyuta ibadili gia yenyewe na hata iliondoe gari kwenye mstari wa kuanzia: dereva alibonyeza kitufe, programu ikashughulika na klachi. Mwanzo haukuwa laini. Kwenye mbio za pili tangu iruhusiwe, kule Austria, magari manne yalibaki yamesimama kwenye mstari wakati wenzao wameondoka. Lakini programu zilikomaa haraka, na mabingwa wa misimu hiyo waliendesha magari ya namna hiyo. Mwaka 2004 uondokaji wa kompyuta na ubadilishaji gia wa otomatiki vikapigwa marufuku.

Sababu iko kwenye kanuni ya siku nyingi ya mchezo wenyewe: dereva aendeshe gari peke yake, bila kusaidiwa. Mashine inaruhusiwa kutekeleza haraka kuliko binadamu yeyote. Kuamua kumebaki kwa dereva. Yeye anajua kama anataka kubaki gia ya juu kwenye kona yenye utelezi ili matairi yasiteleze, au ashuke moja zaidi apate nguvu ya kumpita mwenzake. Watu wanalipa kiingilio kumwona akiamua.

Mbio tofauti, gia tofauti

- Formula 1: gia nane, vibapa, haina pengo.
- Rali, daraja la juu tangu 2022: gia tano za mfuatano, mkono wa gia.
- NASCAR ya Marekani, daraja la juu: gia nne za mpangilio wa H hadi 2021, tangu 2022 ni tano za mfuatano.
- Formula E, mbio za magari ya umeme: msimu wa kwanza, 2014 na 2015, magari yalikuwa na gia tano. Mota ya umeme ina nguvu tangu inapoanza kuzunguka, kwa hiyo timu zilipunguza gia hadi ikabaki moja.

Teknolojia ya mashindano nayo hurudi kwenye magari ya barabarani. Porsche ilijaribu giaboksi ya klachi mbili kwenye magari yake ya mbio ndefu miaka ya 1980, na mwaka 1986 ikashinda nayo Monza. Mwaka 2003 Volkswagen iliuza Golf R32 yenye mfumo wa namna hiyo. Klachi moja inashika gia za 1, 3 na 5, nyingine inashika 2, 4 na 6. Gia inayofuata huwa tayari inasubiri.

Ya kukumbuka

- Giaboksi inailinda injini isitoke kwenye eneo lake la nguvu.
- Historia yake yote ni jitihada ya kuondoa pengo kati ya gia na gia.
- Otomatiki haikushindwa uwanjani, ilikatazwa.
- Kompyuta inatekeleza, dereva anaamua.

Neno la mwisho ni kwa mwenye gari. Usiige uliyoyasoma hapa. Giaboksi ya mashindano hufunguliwa na kukaguliwa na mafundi wake kila mara. Yako inatakiwa idumu miaka. Kama ni ya mkono, kanyaga klachi hadi mwisho na uipe sinkronaiza nafasi ifanye kazi yake, kisha ondoa mkono kwenye gia, kwa sababu uzito wa mkono unasuguanisha uma na pete bila faida. Kama ni CVT, weka mafuta ya CVT yaliyotajwa na mtengenezaji na si mafuta yoyote ya giaboksi yaliyopo dukani. Mkanda ule wa chuma unategemea mafuta hayo ili usiteleze.